Masamva Kwenye Simu

Kile kituo cha utamaduni nakichukia, lakini aliyekifungulia mlango ni mimi.

Meneja wake alinifuata nyumbani Didia. Akasema wageni wamechoka kutazama ngoma na mikuki kwenye makabati, wanataka kusikia. Akaniita mtaalamu, nami nikavimba kichwa. Nikapiga magoti mbele ya kibanda cha masamva, wazee wetu waliolala, nikapuliza maji ya unga wa mtama na kuwaita mmoja mmoja mbele ya kamera.

Kwetu humwiti marehemu kama huna la kumwambia. Ukimwita bure, anaondoka na hasira. Nilijua hilo tangu utotoni.

Sasa mgeni akielekeza simu kwenye kibao pale kituoni, natokea mimi, nainama, namwita baba. Nilikwenda kujionea. Binti mmoja wa shule alikuwa akirudia tena na tena, akicheka mashavu yangu yanavyovimba.

"Futa," nikamwambia meneja.

"Mzee, hiyo ndiyo wanayoipenda kuliko zote."

"Wale ni wazee wangu, si wako!"

"Na aliyewaleta ni wewe, babu. Mimi nilishika kamera tu."

Nilimtukana kwa Kisukuma mpaka mlinzi akanishika mkono. Yule meneja hakusema uongo, na hilo ndilo lililoniuma.

Dada yangu mkubwa naye alikuwa ameshaonyeshwa video hiyo na jirani. Mjukuu wake alipougua, ukoo ulikusanyika alfajiri kutambika. Tangu baba afariki, mwitaji nilikuwa mimi. Nikanyoosha mkono nichukue kibuyu cha maji. Dada akakivuta.

"Wewe kaa kule na wakwe."

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Masamva wamechoka na sauti yako. Unawaita asubuhi, unawaita mchana, wakija wanakuta Wazungu wamevaa kaptula."

Watu wakacheka. Kibuyu akapewa mdogo wangu.

Mdogo wangu aliita vizuri, ila alipofika kwa bibi yake baba akakwama. Mtoto mgonjwa akakohoa mgongoni kwa mama yake. Jina nilikuwa nalo ulimini, nikafungua mdomo.

"Thubutu!" dada akasema, bila hata kugeuka.

Mdogo wangu akamruka yule bibi, akaendelea na wa baada yake.