Usimshukuru Packie Dolan

Majella McGoldrick alikuwa amechoka kuambiwa asubiri. Binti yake Sorcha, wa miaka kumi na miwili, aliteguka kifundo cha mguu akicheza mpira miaka miwili iliyopita. Kifundo kikapona, maumivu yakagoma kuondoka. Soksi ikimgusa, anaruka. Blanketi likiulalia mguu, anaamka analia. Daktari wetu hapa Leitrim, mashambani Ireland, alisema mishipa ya fahamu imezoea kuuma na sasa haijui kuacha, akamwandikisha kwenye foleni ya kliniki ya maumivu kule Dublin. Wakati wanangoja, wapewe vidonge, mazoezi na subira. Subira ya nani, naomba niulize? Aliyesema hivyo alirudi kwake akalala fofofo.

Kwetu, hospitali ikichelewa, mtu huenda kwa mwenye uponyaji, jirani aliyerithi kipawa cha kuponya. Halisemwi mbele ya daktari, ingawa daktari mwenyewe alipoungua na mafuta ya moto alikwenda. Packie Dolan, mfuga ng'ombe, alirithi uponyaji wa viungo kwa shangazi yake. Masharti yake kila mtu anayajua: unakwenda Jumatatu, Alhamisi, kisha Jumatatu tena. Humlipi kitu. Na kubwa kuliko yote, humshukuru. Ukisema asante umemrudishia dawa yake, na haifanyi kazi tena.

Utasema ni sharti dogo. Njoo uishi na sisi. Tunamshukuru dereva wa basi kila tunaposhuka, na Majella aliwahi kumshukuru mtu aliyemkanyaga. Njia nzima siku ile ya kwanza alikuwa akimwambia mwanawe, "Fumba mdomo. Akimaliza, toka tu."

Packie alinawa mikono, akapiga goti kwenye sakafu ya jikoni, akazungusha kidole gumba juu ya mguu huku akinong'ona sala zake. Sorcha aliuma mkono wa sweta mpaka ukalowa.

"Ng'ombe wangu wangeshanipiga teke," Packie akamwambia. "Wewe mwanangu una adabu."

Wakatoka kimyakimya, kama wezi.

Alhamisi walikwenda tena, na jioni yake, mezani, Sorcha akasema, "Mama, naona pamelegea kidogo." Akavaa soksi mwenyewe, mama yake akimwangalia. Majella alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha, na aliporudi alianza kuimba huku akiosha vyombo. Hakuwa ameimba tangu ule mpira.

Kesho yake ikaja barua ya Dublin. Kila mara wanauliza: je, mtoto bado anahitaji nafasi? Weka alama, ndiyo au hapana. Majella alikaa nayo muda mrefu. Akiweka ndiyo, si anamwambia Mungu kwamba hana imani? Halafu kuna mtoto wa mwenzake mahali fulani anaingoja nafasi hiyo, analia na blanketi lake. Akaweka alama kwenye hapana, akafunga bahasha, akaipeleka posta mbiombio kabla moyo haujageuka. Hakumwambia mtu.

Jumatatu ya pili Packie alimaliza, akainuka akishika kiuno. Majella alikuwa keshatoka nje. Sorcha akasimama mlangoni, akamgeukia mzee, akamtazama usoni.

"Asante sana, Packie."

Packie alijifuta mikono. "Haya, mwanangu," akasema kwa upole, akaenda kwa ng'ombe wake.

Majella alikuwa amesikia kutoka uani, na ndani ya gari akafoka. "Umerukwa na akili, Sorcha? Neno moja. Nimekuomba umeze neno moja tu."

"Ulimi haukuteleza, Mama. Nimesema makusudi."

"Makusudi kwa nini?"

"Mguu haujalegea hata siku moja. Nilikudanganya. Halafu ukaanza kuimba, nikashindwa kurudi nyuma." Alikuwa akivuta nyuzi za sweta. "Nikaona bora useme mdomo wangu ndio umeharibu. Usiseme dawa imeshindwa, ukaanza tena kulia bafuni. Mimi nakusikia, Mama. Basi, tungoje tu Dublin."

Majella aliona mlango wa mwisho ukifungwa, na aliyeufunga ni yeye. Alitaka kunyamaza. Alishindwa.

"Nimewaandikia Dublin," akasema.

"Umewaandikia nini?"

"Kwamba umepona."

Ng'ombe wa Packie walikuwa wakilia kule zizini. Sorcha alikaa akitazama kioo cha mbele.

"Tulikuwa tumebakiza muda gani?"

"Waliniambia kabla ya Krismasi."

Mtoto hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Majella kuliko yote. Alishuka, akazunguka upande wa pili, akaunyanyua ule mguu kwa mikono miwili na kuulaza juu ya mto laini waliokuja nao garini. Safari hii Sorcha hakuuma sweta. Alipiga kelele, na akaendelea kulia waziwazi mpaka nyumbani.