Kidole Kilichogoma Kunyooka

Kila asubuhi kidole cha kati cha mkono wangu wa kulia kiliamka kimejikunja. Nakinyoosha kwa mkono wa kushoto mpaka kinaruka, maumivu yananipanda hadi kwapani. Kingekuwa cha mtu mwingine ningemwambia avumilie, uzee huo. Lakini mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu Bwaise, Kampala, na mama yangu, ninayeishi naye, alikwisha sema mbele ya dada zangu: “Nikifa, huyu ndiye anioshe. Sitaki mgeni anishike.” Moyo wake ulikuwa mgonjwa, miguu imevimba. Niliogopa ataondoka kabla kidole hakijapona.

Nilianza kwa muyunzi, yule mkandaji wa mifupa, maana kwetu chochote kisichonyooka hupelekwa kwake. Akakipaka siagi, akakivuta kama anayeng'oa muhogo, akakifunga kwa ganda kavu la mgomba. Siku ya nne kilikuwa kimevimba maradufu. Nilijilaumu sana, mtu mzima mimi.

Ndipo ikaanza safari ya madaktari. Wa kwanza akanipiga picha, akasema mifupa mizima. Wa pili akasema ni baridi yabisi, akanipa vidonge vilivyoniunguza tumbo. Na balaa la kidole hiki, ukikifikisha hospitali mchana kinanyooka chenyewe, unaonekana mwongo. Foleni, benchi, rudi Jumatatu; Jumatatu daktari yuko semina. Nilichoka mpaka nikaacha kuwaambia dada zangu ninakokwenda.

Aliyenielekeza ni mama mmoja muuza chapati wa mtaa wa Wandegeya, niliyemwona ana kovu dogo kiganjani. Naye kilimpata hichohicho. Akaniambia kuna daktari anayepasua mikono tu, anakuja siku ya Alhamisi tu, kliniki ya ghorofani, juu ya wale wanaowachapishia wanafunzi kazi zao.

Daktari mwenyewe binti, umri wa mwanangu. Kidole hakukigusa. Alibonyeza kiganjani, chini yake, nikaruka kitini.

“Ni kano, hajati,” akasema. “Imevimba, inakwama kwenye njia yake. Nitaipanulia njia.”

Kampala kila mwenye mtandio ni hajati, hata sisi ambao Maka tunaiona kwenye kalenda. Akanipasua Alhamisi iliyofuata, kwa ganzi, nikiwa macho. Halafu akanifunga bendeji, akasema wiki mbili mkono usiguse maji.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Nilikuwa nimehangaika miezi yote ile ili niambiwe nisishike maji. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

“Wiki mbili,” akasema. “Haya, nitajitahidi.”

Sikuweza kucheka. Siku zile zote nilikuwa nikiamka, kabla sijawasha jiko, nasimama kwanza mlangoni kwake nisikilize kama anapumua.

Siku nyuzi zilipotolewa, mama aliniambia nipashe maji. Alitaka nimuoshe sasa, angali na macho ya kuniona, kwa sababu ile siku yenyewe hataweza kusema asante. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikapandisha mikono ya gauni. Kidole kilikunjika, kikanyooka, kimya. Kwa mazoea nikammwagia maji upande wa kulia, maana maiti huanzwa huko.

“Huko bado,” mama akasema. “Anza mgongoni, pananiwasha.”