Kwa Mzee Karisa, Ng'ambo ya Likoni

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa nimerudi Changamwe kutoka Uganda na diploma ya ualimu ambayo sikulipiwa na baba wala mjomba. Niliisomea kwa kufua nguo za wenzangu, na upande wetu hakuna mwingine aliye nayo. Ndiyo maana mchungaji alinichagua mimi. Ng'ambo ya Likoni, alisema, Mzee Karisa anaomba ubatizo naye ana wake wawili. Nikamwambie amrudishe mdogo kwao, kisha Jumapili niongoze ibada kulekule.

Jumamosi asubuhi nilivaa suti nyeupe nikapanda basi hadi kivukoni. Ndani ya feri watu walinipisha. Kutoka Likoni nilitembea kupita kijiji cha Shika Adabu, kati ya minazi na mihogo, nikiipanga hotuba yangu juu ya neema. Ilikuwa hotuba nzuri.

Adhuhuri nilifika, nikamwamkia Mzee shikamoo. Mkekani aliketi Mbodze, mke mkubwa, aliyebatizwa zamani na ambaye miguu yake imepooza. Kadzo, mke mdogo, alikuwa akimwosha. Kwao mgeni haulizwi alilojia mpaka ale. Basi Kadzo akaninawisha, akanipakulia wali wa nazi na samaki, nami najua nilichomletea.

Nilipokwisha kula nikautoa ujumbe.

"Mwalimu, wewe umesoma," akasema. "Nani atambeba Mbodze kanisani?"

Nikajibu kwamba ndugu wa kanisa watasaidia. Mbodze akacheka. Ndugu hao, alisema, aliwangoja tangu miguu ilipomshinda, na aliyekuja ni Kadzo.

"Mimi ndiye niliyemposea mume wangu huyu Kadzo. Ukimrudisha huyu, nirudishe na mimi."

Kadzo akakusanya sahani, akatoka nazo nje.

Nimefaulu mitihani iliyowaangusha wengi. Huu hata swali lake sikulielewa.

Jumapili tulikwenda pamoja. Kadzo alimfunga Mbodze mgongoni kwa kanga kama mtoto, akambeba njia nzima, Mzee akifuata na mkeka. Kanisani alimketisha, akatoka kwenda kusimama juani, kwa kuwa mke wa pili haruhusiwi ndani. Waumini hawakugeuza hata shingo. Nilisimama nihubiri neema, nikamwona mlangoni akijifuta jasho, na ile hotuba nzuri ikanipotea yote.

"Kadzo," nikasema, "ingia."

Hakuja. Alimtazama Mbodze.

"Mwalimu kashasema," Mbodze akamwambia. "Au wataka na wewe ukasome Uganda kwanza?"

Watu wakacheka chinichini. Kadzo akaingia, akaketi mkekani nyuma ya mwenzake, karibu kabisa.

Jioni nilivuka kurudi. Mchungaji aliniuliza kama kazi imekwisha, nikasema ndiyo. Akauliza kama Kadzo amekwenda kwao, nikasema hapana. Akangoja nieleze. Nikaaga, nikaenda zangu. Mpaka leo sijui kama siku ile niliihubiri neema au nilivunja sheria ya kanisa, na shauri la ubatizo wa Mzee bado halijakatwa.

Nilichojifunza ni kidogo, wala hakimo katika diploma yangu: ibada nzima Mbodze alikuwa na mahali pa kuegemea.