Kodiani ya Babu Jukwaani Thika

"Sivui," nikamwambia jaji kwa maikrofoni, uwanja wote ukasikia.

Alikuwa amesema niweke kodiani chini au tushuke. Eti siku hiyo ni ya ngoma za kiasili, na hicho ni kinanda cha Wazungu. Mwaka jana alinikataza hivyo hivyo nikaivua. Lakini sasa kikundi kilichotutangulia kilikuwa cha mwomboko, dansi ya Wakikuyu, na mwomboko unapigwa na nini? Kodiani! Jaji mwenyewe alikuwa anatikisa mabega.

"Na ile ya guka, yule mzee wa mwomboko?" nikauliza.

"Hiyo ni desturi ya hapa, madam."

"Na yetu ni ya mwezini?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtoto alikuwa mgongoni, kodiani kifuani, na wenzangu wa Ruiru nyuma yangu na isukuti, ngoma zetu za Magharibi. Tukishushwa, hatuchaguliwi kuwakilisha kaunti.

Kodiani yetu ni ya Thika hii hii. Babu alitoka Kakamega akawa mpishi kwenye shamba la mkonge. Waitaliano waliofanya kazi hapo walikutana Jumapili, mmoja na kodiani, mwingine na tari lenye njuga, wakicheza ngoma za vijiji vyao mpaka wengine wanalia. Babu akazishika nyimbo kutoka jikoni. Mwenye kodiani alipozeeka akamwachia. Basi watu wa kwetu nao wakawa na Jumapili yao, kodiani ikaingia kwa isukuti, na baba akanifundisha. Harusi za Waluhya toka Juja hadi Ruiru, nimezipigia. Hata nikiwa na mimba kubwa nilipiga, kodiani imekalia tumbo.

Yule mzee wa mwomboko akasimama. "Wacha huyu mama apige, bwana. Hata mimi sikuzaliwa na yangu."

Jaji akaangalia saa. "Kikundi kinachofuata!"

Tukashuka bila kupiga, na sikuivua.

Jumatatu nikaenda ofisi ya utamaduni. Karani akasoma barua yangu, akaniangalia. "Mami, si ungeongea na jaji tu, polepole?"

"Nimeongea. Piga muhuri."

Akapiga. Niliandika hivi: "Nalalamika kwamba tulikatazwa ala ambayo kikundi kingine kiliruhusiwa kwenye jukwaa hilo hilo. Wasikatazwe wao, wanapiga vizuri. Naomba kanuni iwe moja, na kikundi chetu nacho kisikilizwe, kodiani ikiwemo."