Goti Moja, Madaftari Matatu

Kwenye dirisha la dawa la hospitali moja hapa Bagamoyo, nilisimama nyuma ya bibi anayeumwa goti. Mfamasia alisoma daftari ambamo daktari alimwandikia bibi dawa, kisha akainua macho.

"Shikamoo, bibi. Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Marahaba." Bibi alifungua pindo la kanga, akatoa pakiti mbili za vidonge. "Vyekundu nilipewa na daktari wa Msata. Vya njano, Chalinze."

Mfamasia alizigeuza, akasoma nyuma. "Hizi zote ni dawa moja ya maumivu, na leo umeandikiwa hiyohiyo. Tumbo halikuchomi?"

"Linawaka. Nikajua ni pilipili."

"Zikizidi zinachubua tumbo. Hao madaktari uliwaonyesha alichoandika mwenzao?"

Bibi alimtazama kama aliyetukanwa. "Mjukuu wangu, nimpelekee daktari maandishi ya daktari mwingine? Si ataona namdharau? Kila niendako nanunua daftari jipya."

Mfamasia aliziweka pakiti kando, akamrudisha kwa daktari.

Adabu ya bibi naielewa. Ninachojiuliza ni hiki: daktari anapopewa daftari jipya na bibi wa miaka sabini, hudhani goti limeanza kuuma asubuhi hiyo?