Mabuibui Yaliyoidanganya Kamera

Mimi kitu kinachojiita "auto" sikiamini. Mashine ya kujilipia dukani hapa London imeshanipigia kelele mbele za watu kwa sababu ya kitunguu nilichokwisha kukilipia. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini kule Hayes, tunakopanga trei za chakula cha abiria wa ndege, aliponiazima kamera yake na kuniambia, "Weka Auto ISO, mengine iachie yenyewe," nilimtazama kama mtu anayeniuzia simu uchochoroni.

"ISO ndiyo nini?"

"Ndiyo macho ya kamera. Pakiwa na giza inayakodoa, pakiwa na mwanga inayalegeza. Ila ikiyakodoa sana, picha inaota chembechembe kama mchanga."

"Na nani anayeiambia kwamba hapa pana giza?"

"Inajua yenyewe."

Hapo shaka ikaniingia. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikiona mgongo tu, lakini watu wanaojua wenyewe nawajua.

Kamera niliitaka kwa sherehe ya kupambwa bi harusi mmoja wa mtaa wa Barking, hapa hapa London, binti wa Kipemba anayefanya kazi ya kulea wazee. Mama yake alinyimwa viza. Alinipigia simu kutoka kwao Wete akasema, "Mwanangu, siku hiyo nitamwona kwa jicho lako. Magauni nimeyaona mengi. Mimi nataka uso wake." Alinichagua kwa sababu niliwahi kupiga picha ya biriani ikasifiwa. Lakini biriani haikonyezi wala haisogei.

Siku ikafika. Saa kumi tu, na jua la baridi lishakwenda zake. Ukumbi wa wanawake watupu, mapazia yamefungwa, taa zimepunguzwa, simu zote zimekusanywa mlangoni kwenye mkoba. Nilijaribu flashi mara moja, ikapiga kwenye moshi wa udi, picha nzima ikawa ukungu. Basi nikabaki na ile Auto ISO, mimi nayo tunatazamana kama mke na wifi.

Shangazi wa bi harusi, ambaye ndiye somo wake wa kumfunda, akanijia.

"Shoga, kamera yako hiyo?"

"Ya mwenzangu kazini."

"Mwanamke?"

Ningekuwa na akili ningekohoa. "Mwanamme," nikasema.

Mara nikasikia chakarachakara: mabuibui yanarudi mwilini. Dakika iliyopita palikuwa na manjano, waridi na dhahabu za kukodi. Sasa bi harusi kazungukwa na ukuta mweusi.

Nikapiga. Nikatazama kioo. Uso wa bi harusi mweupe kama unga wa muhogo, pua hakuna, nyusi mbili zinaelea. Nikapiga tena, yale yale, na namba ya ISO imepanda hadi elfu kumi na mbili na ushei. Nikasema, naam, nilijua, huyu mwanamme kaniazima balaa.

Nikaigeuzia kamera sinia la halua kwenye kitambaa cheupe. Namba ikashuka. Nikairudisha kwa wanawake, ikapaa. Ndipo nikaelewa: mjinga mwenzangu huyu, kamera, anaona nyeusi tele, anadhani ni usiku wa manane, anakodoa macho mpaka bi harusi anayeyuka. Na kitufe kingine cha kumtuliza sikukijua.

Nikamweleza shangazi. Akanisikiliza kwa jicho moja.

"Yaani tuvue mabuibui ili kamera ya mwanamme ione vizuri?"

"Ndiyo... Siyo! Sikiliza. Picha zinakaa kwenye kadi hii, na kadi ni yangu. Tukimaliza unaichukua wewe."

"Na tumboni mwake hakubaki kitu?"

Nikaichomoa kadi, nikabonyeza pale pa kutazama picha. Kioo kikaandika kwamba hakuna kadi. Akabonyeza mwenyewe. Akamwita mwingine abonyeze. Wakapanga foleni, kila mmoja na kidole chake, na mmoja akainusa.

"Mama mtu yuko Wete anasubiri uso," nikasema. "Nimpelekee unga?"

Shangazi akanitazama sana. Kisha akavua buibui, akalitupa kitini. "Ikitoka hata kucha yangu moja, London hii utaihama." Wengine wakafuata, polepole, wakinitazama mikono.

Rangi zikarudi, namba ikatulia. Bi harusi alikuwa ameinamisha macho, na chozi moja linashuka. Nikapiga. Pua ilikuwepo.

Kadi ikafungwa kwenye pindo la kanga la shangazi. Jumatatu mwenye kamera akauliza, "Picha ziko wapi nizione?" Nikamwambia ziko Barking, nenda kaombe, ila uage nyumbani kwanza.

Kumtumia mama picha, shangazi alikataa katakata. Tulimpigia simu ya video, kadi ikatiwa kwenye kompyuta, na kioo chake kikaelekezwa kwenye simu. Mama akasogeza uso mpaka tukaona paji tu.

"Mbona ana vipele?"

"Si vipele, mama, ni chembechembe za giza."

Akakodoa macho. Nikaanza kutafuta la kujitetea.

"Ndiye," akasema. "Analia kwa jicho la kushoto. Hivyo hivyo tangu mchanga." Naye akajifuta, la kushoto.

Kisha akasogea tena kwenye simu, sauti imebadilika.

"Na kamera hiyo, mwanangu, ya nani?"

Shangazi akasema mtandao unasumbua, akakata.