Mguu Uliosubiri

Kazi yangu ni kuongoza tamthilia za muziki na kutunga dansi zake, na kinachonikera kuliko vyote ni mchezaji asiyejua kutembea. Mwambie aruke, ataruka mpaka umwonee huruma. Mwambie avuke jukwaa kama mtu anayerudi nyumbani, anaanza kubinua kifua na kukata kiuno. Ndiyo maana kila nikianza onyesho jipya huwapa wachezaji kazi ileile: nendeni mtaani, kila mmoja achague mtu asiyemjua, aniletee mwendo wake.

Onyesho la safari hii lilihusu watu wa zamu, wale wanaopishana alfajiri, hawa wakienda kazini na wale wakirudi. Tulifanyia mazoezi katika ukumbi wa ghorofani kule Marshalltown, katikati ya jiji, juu ya maduka ya vitambaa. Pembeni ya ukumbi fundi wetu wa mavazi alikuwa ameweka cherehani yake. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Uvira, mjane. Mumewe alikuwa mlinzi Randburg, akaugua kifua, akafa majira ya baridi yaliyopita, na yeye mwenyewe alimwosha na kumvalisha suti aliyomshonea. Alinisimulia hayo siku ya kwanza tu, huku akipima mabega ya wachezaji.

Siku ya kuleta miendo, wengi waliniletea vichekesho: mlevi, mjamzito, polisi wa barabarani. Nilikuwa nimeshaanza kufura. Kisha akasimama binti mmoja mwembamba, mzaliwa wa hapahapa, wazazi wake Warundi. Akatembea. Bega la kushoto lilitangulia. Mguu wa kulia ulifika karibu na sakafu, ukasubiri kidogo, ndipo ukakanyaga. Mkono ulipapasa paja. Mwishoni akasimama, akainua mkono, akaupitisha juu ya kitu tusichokiona, akatafuta komeo upande wa pili, akaacha.

Cherehani ikanyamaza. Sikujali, nilikuwa nimefurahi mno. Nikauhesabu mwendo ule moja mpaka nane, nikawafundisha wote. Muda si muda ukumbi mzima ulikuwa ukitembea hivyo, miguu ikisubiri, mikono ikipapasa. Nilipogeuka, fundi alikuwa amesimama, pini bado zi mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Ule ni bwana yangu," akasema.

Nikamwambia kwa upole kwamba watu hufanana. Hakunisikiliza. Alimwendea binti. "Mtoto yangu, ule mtu ulimuona wapi?"

"Turffontein, anti. Nyuma ya uwanja wa farasi. Juzi, asubuhi." Binti alinitazama mimi, kama anayeomba ruhusa ya kuendelea. "Nilimfuata mpaka kwa geti ya kijani. Aliweka mkono kwa ndani, hivi, kama anapajua."

"Aliingia?"

"Hapana. Kulikuwa na kufuli. Alisimama tu. Eish, mimi nikaogopa, nikaondoka."

Fundi akakaa sakafuni palepale. Geti lile lilikuwa lake. Komeo lake hufunguliwa kwa kupitisha mkono juu, na kufuli alilitia wiki ileile aliyomzika mumewe, kwa kuwa aliogopa kulala peke yake. Sasa alilia kwa sauti mbele ya watu wote. "Iko inje na hii baridi," alisema. "Ni mimi nilimufungia inje."

Mimi si mtu wa mizimu. Hata hivyo, sikuwa na ujasiri wa kumbishia.

Aliomba kitu kimoja tu: binti aje atembee mwendo ule mpaka kwake, nami nije nimwongoze. Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, mchana mweupe. Kufuli alikuwa ameshaliondoa. Nikampanga binti kwenye robot ya kona, chini ya taa za kuongozea magari, nikamwambia avute pumzi, nikajiona mjinga kweli, naongoza onyesho lisilo na muziki wala watazamaji. Fundi akasogea ubavuni mwangu.

"Umwambie asigeuke," akaninong'oneza. "Akigeuka nitaona ni mtoto tu."

Binti akaenda. Bega, mguu, mkono. Mbwa wa jirani, aliyekuwa akibweka tangu tufike, alirudi nyuma akalala. Mkono ukapita juu ya geti, komeo likalia. Akaingia uani, akafuta viatu mkekani, jambo ambalo sikumfundisha, akapita mlango wa chumba. Fundi alimkimbilia, akasimama kizingitini, akasema kwa sauti ya kila siku, "Karibu, baba. Chakula iko mezani."

Binti alitokea mlango wa jikoni. Nilimuuliza habari ya viatu. Hakukumbuka kuvifuta. Nilimshika mkono, na wangu ulikuwa wa baridi kuliko wake.

Jumatatu, wiki ya kufungua onyesho, niliita dansi ya kwanza, ile ya mwendo wa mguu unaosubiri. Binti akajitokeza mbele, akatembea mwendo wake mwenyewe. Nikamwambia arudie. Akarudia, vilevile. Nikafoka, nikawaita wengine wote niliowafundisha. Bega lilitangulia sawasawa, lakini mguu ulikanyaga tu, mguu wa mtu yeyote anayepita njia. Nikagonga sakafu kwa fimbo. Wakarudia, wengine wakikaribia kulia.

Fundi alikuwa akishona, na hakuinua macho. "Usiwagombeze, dada. Amefika."

Nilikasirika, sikatai. Ndiyo iliyokuwa dansi bora niliyowahi kuitunga, na ilikuwa inanitoka mikononi. Nikavua viatu, nikaingia katikati ya ukumbi, nikaanza kuhesabu kwa sauti, mimi niliyeugawa mwendo ule hesabu kwa hesabu. Nikainua mguu wa kulia, nikauamuru usubiri.

Ukakanyaga.